Umeamkaje, Sista?

Saa 2 na robo asubuhi, njia ya vumbi inayopanda kuja kwetu hapa Bagara, mjini Babati, huwa na watu wengi. Wanafunzi wamekwishapita, bodaboda wamejipanga kwenye kona wakisubiri abiria wa stendi, mama wa maandazi anafunika beseni lake. Katika watu wote hao wanaokwenda, kuna mmoja anayerudi. Ni jirani yangu, muuguzi, tunakaa ua mmoja. Ametoka naiti. Sare ameikunja ndani ya mkoba pamoja na hotpoti tupu, na kila anayepishana naye humsalimu kama tunavyosalimiana sote wakati huo: "Umeamkaje, sista?" Naye hujibu, "Salama," kwa kuwa salamu hiyo haina jibu jingine. Hajaamka, maana hajalala.

Nimeisikia salamu hiyo mara nyingi hadi ikaniachia swali ambalo nimelifuatilia kwa muda mrefu. Wakati anapoitika "salama", mwili wake unaamini ni saa ngapi?

Unaamini ni asubuhi, kama miili yetu tuliolala. Unaamini hivyo hata kama ameingia naiti nne mfululizo. Watu wengi, wauguzi wenyewe wakiwamo, hudhani kwamba mwili ukishazoea, usiku hugeuka kuwa mchana wake. Hapa tulipo mwili hauzoei. Anayezoea ni mwenye mwili, na anachozoea ni uchovu. Karibu kila dhara la zamu za usiku linaanzia hapo, ndiyo maana nitakaa kidogo kwenye habari ya saa yenyewe kabla ya kufika kwenye homoni.

Sisi tunaosema Kiswahili tunahesabu saa kama mwili unavyohesabu. Jua likichomoza hesabu inaanza, na likizama tunaanza upya. Saa za Kizungu huanzia katikati ya usiku, wakati ambao angani hakuna dalili yoyote. Mwili nao hauna habari na katikati ya usiku. Unasubiri mwanga.

Mwaka 1729 Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan alichukua mmea unaokunjua majani mchana na kuyafunga usiku, wa jamii ya kifauongo tuliokuwa tukiugusa njiani utotoni ili tuuone ukisinyaa, akaufungia gizani. Majani yaliendelea kufunguka na kufunga kwa wakati wake, ingawa hayakuliona jua. Mmea ulikuwa na saa ndani yake. Ilipita zaidi ya miaka 250 kabla haijafahamika saa ya namna hiyo imeundwa vipi. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, Wamarekani waliofanya uchunguzi wao kwa nzi wadogo wa matunda, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kuonyesha mtambo wake: ndani ya seli kuna jeni inayotengeneza protini, protini ikijaa huizima jeni iliyoitengeneza, ikishameng'enywa jeni huwaka tena, na mzunguko huo huchukua karibu saa 24.

Kwa binadamu saa kuu iko ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa miwili ya macho inapopishana. Ni kishada cha seli kama 20,000, hakizidi punje ya mchele. Ikiachwa peke yake huchelewa kidogo, kwa sababu huzunguka kwa saa 24 na dakika kama 10. Kwa hiyo kila siku inahitaji kurekebishwa, na kinachoirekebisha ni mwanga unaoingia machoni. Nyuma ya jicho kuna seli ambazo hazishughuliki na kutambua sura ya mtu wala kusoma maandishi. Zinapima mwanga tu na kupeleka taarifa kwenye saa kuu. Saa kuu nayo hupeleka habari kwa saa ndogondogo zilizomo kwenye ini, kongosho, mafuta ya mwili, moyo na ovari, maana karibu kila kiungo kina saa yake.

Sasa ulete mtambo huo Babati. Mji wetu uko nyuzi 4 na kidogo kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka ni kama nusu saa tu. Jua hutokea upande wa Mlima Kwaraa kati ya saa 12 na dakika 10 na saa 1 kasorobo, mwaka mzima, karibu robo saa baada ya kuonekana Dar es Salaam. Muuguzi anayekabidhi zamu saa 1 na nusu hutoka nje likiwa limekwishapanda. Taa za wodini usiku hutoa laksi mia mbili tatu, mara nyingi pungufu. Mwanga wa nje asubuhi isiyo na mawingu ni makumi ya maelfu ya laksi. Usiku kucha zile taa zimekuwa zikiivuta saa yake ichelewe kidogo. Dakika 20 za kutembea kurudi Bagara zinairudisha palepale ilipokuwa jana.

Yapo maeneo ambako mwili wa mkeshaji huhama kweli. Katika kituo cha Waingereza cha Halley, Antaktika, jua hupotea kabisa kwa zaidi ya siku 100 za majira ya baridi. Watafiti, Josephine Arendt akiwa miongoni mwao, walipowapima watu waliokuwa wakikesha zamu ya wiki nzima huko, walikuta homoni yao ya usiku imehama pamoja nao. Muuguzi wa Oslo naye hurudi nyumbani gizani mwezi Desemba, kwa kuwa jua la kwao huchelewa hadi baada ya saa 3 asubuhi. Ushauri mwingi ulioandikwa vitabuni kuhusu kuzoea naiti ulitoka kwa watu wa nchi za namna hiyo. Wetu anatembea juani Januari hadi Desemba, na kumwambia kwamba mwili wake utazoea ni kumpa ahadi ambayo jua la Manyara, mkoa wetu, halitaitimiza.

Tumfuate usiku mmoja basi, tangu anapoingia.

Saa 2 usiku anapokea ripoti kitanda kwa kitanda: huyu dripu yake imebaki nusu, yule presha yake ipimwe kila baada ya saa moja, huyu wa mwisho hajakojoa tangu mchana. Wakati huohuo, katikati ya ubongo wake, tezi yenye ukubwa wa punje ya mbaazi inaanza kumwaga melatonini ndani ya damu. Homoni hiyo ilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1958 na daktari wa ngozi, Aaron Lerner, aliyekuwa akitafuta tiba ya mbalanga. Wengi huiita homoni ya usingizi, lakini kazi yake hasa ni kutoa taarifa. Hupita mwilini mzima ikiviambia viungo kwamba usiku umeingia, na kila kiungo hufanya mambo yake ya usiku. Huendelea kupanda hadi kilele chake, mnamo saa 8 hadi saa 10 usiku. Mwaka 1980 Alfred Lewy na wenzake walionyesha kwamba mwanga mkali huikata kwa binadamu, na baadaye ikafahamika kwamba hata mwanga wa kawaida wa chumbani huipunguza. Kwa hiyo chini ya taa za wodi muuguzi hupata melatonini pungufu usiku, na mchana anapolala haji kulipwa ile aliyoikosa, kwa sababu saa yake inajua ni mchana. Hasara hiyo ni ya moja kwa moja.

Saa 7 usiku, wodi ikitulia, anafungua hotpoti. Ugali na mbaazi, au wali na maharage, na chai yenye sukari ya kutosha ili macho yasifunge. Chakula ni kilekile ambacho mchana kingemjenga bila tatizo. Lakini kongosho lake limeshapata habari za usiku, nalo hutoa insulini kwa uvivu. Sukari inayoingia kwenye damu hukaa humo kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Huko Boston mwaka 2009, Frank Scheer na wenzake waliwaweka watu 10 maabara na kuzigeuza ratiba zao za kula na kulala hadi zikapishana kabisa na saa zao za mwili. Sukari ya damu ilipanda kwa asilimia 6 ingawa insulini ilipanda kwa asilimia 22. Shinikizo la damu liliongezeka. Leptini, homoni inayoambia ubongo kwamba shibe imefika, ilishuka kwa asilimia 17. Watu hao walikuwa wazima, na vipimo vya baadhi yao vilifikia viwango vya mtu anayeelekea kupata kisukari, kwa siku chache tu.

Leptini ikishuka, njaa haitulii. Wauguzi wanalijua hili bila maabara. Atakwambia kwamba akitoka naiti hutamani chipsi, soda, kitu cha mafuta na cha sukari, na kwamba mboga za majani hazimshawishi siku hiyo. Watu hulitafsiri kuwa ni ulafi au kutojitunza. Ni homoni, na ninalisema wazi kwa sababu nimewasikia wanawake hawa wakichekwa kwa kunenepa na watu wasiojua kinachofanyika kwenye damu yao.

Saa 10 ndiyo saa ngumu. Joto la mwili huwa limeshuka kuliko wakati wowote wa siku, mkono unakuwa mzito, jicho husoma mstari mmoja wa faili mara mbili. Na hapo ndipo wodi ya wazazi huwa na kazi zaidi. Uchungu wa uzazi nao unafuata saa ya mwili: kule Uingereza uchambuzi wa mamilioni ya uzazi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba uzazi unaoanza wenyewe, bila kuchochewa, hufikia kilele mnamo saa 10 usiku. Wakunga wa zamani walilijua hilo tangu zamani. Mwili wa mama umechagua giza na utulivu, ilhali mwili wa mkunga umefika chini kabisa kwa saa ileile. Mtoto asiyelia anahitaji kusaidiwa kupumua ndani ya dakika ya kwanza, ile ambayo wakufunzi huiita dakika ya dhahabu. Mafunzo ya kumsaidia mtoto wa namna hiyo yalipojaribiwa katika hospitali nane za Tanzania, Haydom ya hapa Manyara ikiwamo, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Mikono ya wakunga ndiyo iliyofanya hivyo, na mingi ya mikono hiyo ilikuwa inafanya kazi saa 10 usiku. Kila ninapofikiria uchovu wa zamu siachi kuwakumbuka watoto hao.

Saa 11 alfajiri mambo hubadilika. Kotisoli, ambayo ilikuwa chini kabisa mnamo usiku wa manane, imeanza kupanda kuuandaa mwili kwa siku mpya. Wauguzi husema ikifika alfajiri usingizi hukata, na ni kweli hukata. Anapima presha za asubuhi, anabadilisha dripu, anaandika ripoti, anaonekana mzima. Nguvu hiyo ameikopa, na tatizo ni kwamba anaibeba hadi nyumbani. Saa 3 asubuhi anajilaza kitandani kotisoli ikiwa juu, joto la mwili likipanda, melatonini ikiwa imezimwa. Analala kwa muda wa saa nne, tano akibahatika.

Homoni nyingine hazifuati saa. Homoni ya ukuaji, ambayo kwa mtu mzima hutengeneza misuli na kuziba palipochakaa, hutoka kwa wingi kwenye usingizi mzito wa mwanzo, wowote ule utakapokuja. Prolaktini nayo huegemea usingizi. Hivyo mchana anapolala, nusu ya homoni zake zimemfuata kitandani na nusu zimebaki na jua. Ni kama ngoma ambayo baadhi ya wapigaji wanamtazama kiongozi na wengine wanawatazama wachezaji: kila mmoja anapiga sawasawa, lakini wimbo hautambuliki.

Ngoma hiyo ikipigwa miaka 20, nini hutokea?

Ushahidi mkubwa kuliko wote umetoka kwa wauguzi wenyewe. Mwaka 1976 huko Marekani Frank Speizer alianza kuwafuatilia wauguzi 121,700 kwa dodoso la kila baada ya miaka miwili, na mwaka 1989 likaanza kundi la pili la zaidi ya 116,000. Wengi wao walikuwa Wazungu, na maisha yao si ya Babati, lakini kishada kile cha seli 20,000 ni kilekile. Mwaka 2011 makundi hayo yalionyesha kwamba kadiri mwanamke alivyokaa miaka mingi kwenye zamu za kubadilishana zenye usiku ndivyo uwezekano wa kupata kisukari aina ya pili ulivyopanda, hadi kufikia asilimia 58 zaidi kwa waliopitisha miaka 20. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilipitia kwenye unene, ambao nao, kama tulivyoona, una mkono wa leptini. Mwaka 2016 likafuata somo la moyo: waliokaa miaka 10 na zaidi walikuwa na maradhi ya mishipa ya moyo kwa asilimia 15 hadi 18 zaidi.

Kuhusu saratani ya matiti wanasayansi wanabishana. Mwaka 2001 Eva Schernhammer na wenzake waliona ongezeko la asilimia 36 kwa wauguzi waliofanya zamu hizo miaka 30 au zaidi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka kazi ya zamu inayovuruga saa ya mwili, mwaka 2007, kwenye kundi la mambo ambayo kwa uwezekano mkubwa husababisha saratani, na mwaka 2019 likaipitia tena kazi ya usiku na kuiacha humohumo. Denmark ilianza kuwalipa fidia wanawake waliougua baada ya miaka mingi ya kazi za usiku. Kisha mwaka 2016 utafiti mkubwa wa wanawake wa Uingereza haukukuta uhusiano wowote. Kwa maoni yangu muuguzi hapaswi kutishwa kwa saratani. Ongezeko la asilimia kwenye jambo lisilotokea mara nyingi hubaki dogo. Kinachomgusa kila mwezi ni kingine.

Ni hedhi. Ovari zina saa zao, na homoni zinazoamuru yai kupevuka hutoka kwenye ubongo kwa mapigo yanayosikiliza ile saa kuu. Wauguzi wa Marekani waliokuwa na miezi 20 au zaidi ya zamu za kubadilishana walikuwa na uwezekano wa asilimia 23 zaidi kuwa na mzunguko usiotabirika. Kwa wajawazito, utafiti wa Denmark wa mwaka 2019 ulikuta kwamba waliofanya naiti mbili au zaidi katika wiki moja walikuwa na hatari ya asilimia 32 zaidi ya mimba kuharibika katika wiki iliyofuata, hasa baada ya wiki ya nane. Kwetu sisi, mwanamke ambaye hajapata mtoto au amepoteza mimba huulizwa mengi na mawifi na wakwe. Huulizwa alikula nini, alibeba nini, alimkosea nani. Sijawahi kusikia akiulizwa rosta yake ikoje.

Nyumbani mambo huwa hivi. Jirani yangu ametundika blanketi la kijivu dirishani juu ya pazia, amelibana kwa misumari minne. Ndani ni giza, lakini bati halizuii sauti. Saa 4 mashine ya kusaga inawashwa. Saa 5 gari la matangazo linapita. Saa 6 mtoto fulani anaanza kukuna sufuria. Mimi mwenyewe nimewahi kumgongea saa 6 mchana kwa sababu mwanangu alikuwa na homa, na alitoka, khanga mabegani, macho mekundu, akamshika mtoto paji la uso, akanielekeza la kufanya, akarudi ndani. Nilipompigia hesabu baadaye nikaona kwamba kwa usingizi wake ilikuwa sawa na kumgongea saa 6 usiku. Msimu wa palizi huamka saa 8 mchana aende shamba. Wenzake wengine hutoka naiti wakaingia deiwaka kwenye duka la dawa, kwa sababu mshahara hauna habari na saa ya mwili.

Yako mambo anayoweza kufanya mwenyewe, na baadhi yana uthibitisho mzuri. La kwanza ni chakula. Mwaka 2021, kundi la Boston lilirudia jaribio la kugeuza ratiba kwa watu 19, safari hii likiwagawa: waliokula usiku sukari yao ilipanda kwa asilimia 6.4, waliokula mchana tu haikupanda. Mlo mkubwa kabla ya kuingia, saa 1 jioni, kisha kitu chepesi kama uji au yai ikiwa tumbo linadai, ni bora kuliko hotpoti ya saa 7 usiku. La pili ni chai na kahawa: nusu ya kafeini hubaki mwilini saa tano baada ya kunywewa, kwa hiyo kikombe cha saa 10 alfajiri kinamsubiri kitandani. La tatu ni miwani ya jua na mtandio wakati wa kurudi, ili jua lisimwamshe kabla hajafika. La nne ni usingizi mfupi wa zamu, dakika 20 au 30. Japani, hospitali nyingi humpangia muuguzi wa zamu ndefu ya usiku muda wa kulala ndani ya zamu yenyewe, mwenzake akishika. Kwetu anayesinzia hukutwa, hupigwa picha, na husambazwa kwenye makundi ya WhatsApp. Inanisikitisha kwa sababu dakika zile 20 saa 9 usiku ni kinga ya mgonjwa.

Lakini haya yote anayafanya mtu mmoja dhidi ya jua. Dawa yenyewe iko kwenye ile karatasi iliyobandikwa ukutani kwa inchaji.

Rosta ingepaswa kuandikwa kwa uangalifu uleule wa kuandika dawa: dozi ngapi, kwa muda gani, kwa mgonjwa yupi. Kwa kuwa mwili wetu hauhami, sioni faida ya kumpanga mtu naiti saba mfululizo kwa matumaini kwamba atazoea katikati. Mbili au tatu, kisha ofu za kutosha. Kwa kuwa saa ya mwili hupenda kuchelewa kuliko kuwahi, zamu ziende mbele, asubuhi kisha jioni kisha usiku. Mpangilio wa kutoka jioni na kurudi asubuhi ndio mbaya kuliko wote, na ndio umezoeleka. Anayetoka saa 2 usiku na kuripoti saa 1 na nusu asubuhi amepata saa 11 na nusu, ambamo ndani yake kuna kusafiri, kupika, kulala na kusafiri tena. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka saa 12 mfululizo.

Sheria hiyohiyo inahesabu usiku kuanzia saa 2 hadi saa 12 alfajiri, na inataka kila saa ya usiku iongezewe angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Inakataza kumpangia usiku mjamzito katika miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua, au mapema zaidi akiwa na cheti cha daktari, na mama katika miezi miwili baada ya kujifungua. Ukiusoma utafiti wa Denmark utaona kwamba kinga hiyo ya miezi miwili inaanza mimba ikiwa imeshavuka wiki zake za hatari. Hicho cheti cha daktari, basi, ndicho mlango uliobaki wazi, na wauguzi wengi wangestahili kuambiwa kwamba upo.

Siku moja saa 10 jioni jirani yangu alikuwa ameamka, ameketi kwenye kigoda mlangoni na kikombe cha chai. Nilimletea hesabu niliyoifanya nyuma ya daftari la mwanangu. Wodi yenye wauguzi wawili kila wakati, usiku na mchana, ni saa 336 za kazi kwa wiki. Sheria inamruhusu kila mmoja saa 45. Ukigawanya unapata watu saba na nusu, yaani wanane. Usiku wa wiki nne ni nafasi 56. Kwa watu wanane kila mmoja ana naiti saba.

Alisoma, akauliza, "Hapa nani yuko likizo?"

Nikakumbuka siku 28 za kila mmoja kwa mwaka. Nikafuta nane, nikaandika tisa.

"Na wa uzazi?" Siku 84. "Na aliyekwenda kusoma?"

Nikamwomba aniambie kwao wako wangapi. Hakunijibu kwa mdomo. Alichukua penseli, akagawa 336 kwa tano, akaandika 67. Chini yake akagawa 56 kwa tano, akaandika 11. Akanirudishia daftari, akamalizia chai yake, akaingia ndani kuoga. Zamu yake ilikuwa inaanza saa 2.